Mwaka wa Lengalenga Zisizoungua

Niliwasikia kabla sijafika langoni. Kwenye kilio cha Mama Kapinga, pale Likasi, walikuwa wamepandisha vipaza sauti viwili juu ya viti, na mama mmoja wa kanisa lake alikuwa anasimulia muujiza. Nilisimama barabarani na mkoba wangu, vumbi la safari ya Lubumbashi likiwa bado kwenye viatu, nikasikiliza hadithi ninayoifahamu kuliko wote waliokaa chini ya turubai lile: jinsi moshi wa kiwanda cha asidi ulivyopita mwaka ule ukachoma bustani zote za bondeni, ila tuta moja la lengalenga, yaani mchicha, la Mama Kapinga likabaki kijani, kwa sababu akina mama walikuwa wamefunga na kuomba. "Mungu asifiwe!" akapaza sauti. "Amen!" wakajibu. Nilipoingia nikaona aliyekalishwa mstari wa mbele, kwenye kiti chenye mto: Chef Mwansa, mkuu wa maabara na mwalimu wangu wa zamani, mzee sasa, kofia juu ya goti, akitikisa kichwa kwa upole. Nikaenda kukaa nyuma kabisa. Nilikuja kumlilia mwanamke aliyenipa chumba na chakula mwaka mzima, na badala yake nilikaa na hasira, bila chozi.

Sitasema nilikuwa mtoto wa nani wala nilifikaje Likasi. Hayo hayana uzito hapa. Mwaka ninaousimulia unaanzia kwenye chumba. Kilikuwa nyuma ya nyumba ya Mama Kapinga, bati juu, kitanda kimoja, na dirisha lisilo na kioo ila wavu wa mbu, likitazama bustani zilizoshuka hadi kijito. Nilikuwa mwanafunzi wa kilimo wa mwaka wa mwisho, na kazi yangu yote ya kuhitimu ilikuwa chini ya Chef Mwansa. Kupitia wavu ule nilisikia kila kilichosemwa uani. Upepo ulipogeuka kutoka upande wa kiwanda, ilikuja kwanza harufu ya kiberiti kilichozimwa, kisha koo likaanza kuwasha, kisha sauti ya Mama Kapinga: "Odette, funga dirisha! Ingiza binguo! Moshi inakuya!" Dirisha halikuwa na cha kufunga, naye alijua, lakini alisema vilevile kila mara. Kesho yake lengalenga, matembele, hata sombe, majani ya muhogo, vilikuwa na mabaka meupe katikati ya mishipa, makavu, ukiyagusa yanapasuka.

Jioni akina mama wa bondeni walikaa kuzunguka beseni kuchambua. Majani mazima yalikwenda sokoni, yenye mabaka tukala sisi, na bukari, ugali wetu, na karanga zilizotwangwa, na samaki wadogo wa ziwa Tshangalele pale walipopatikana. Wanaume walikuwa Kamatanda wakichimba madini, au wameelekea Kakanda, wakarudi na kitu au wasirudi na kitu. Lengalenga zilirudi na kitu kila siku. Ndiyo maana mabaka yale yaliwauma. "Client yangu aligeuza jani leo, akaangalia chini, akaniachia," alisema mmoja. "Aliniuliza: mama, lengalenga yako iko na ugonjwa gani?" "Na weye ulimujibu nini?" aliuliza Mama Kapinga. "Nilimujibu ni mvi. Inazeeka sawa minye mwenyewe." Wakacheka mpaka beseni likatikisika. Nilicheka nao kutoka kitandani, nikiwa na daftari za shule mapajani, na hata leo nikipita sokoni nikaona mtu anageuza jani kulitazama chini, kicheko kile kinanirudia na kuniumiza.

Maabara ya Chef Mwansa ilikuwa chumba kimoja chenye darubini moja, meza mbili na friji iliyofanya kazi pale umeme ulipotaka. Ndani ya friji, nyuma ya chupa za maji, kulikuwa na kichupa cheusi alichokileta kutoka masomoni Ubelgiji na alichokitunza kuliko afya yake. Kilikuwa na homoni ya mimea. Kwa Kifaransa chake cha darasani aliiita acide abscissique. Sisi wanafunzi tuliiita funga-mdomo. "Jani iko na midomo, ma fille," aliniambia siku ya kwanza, akiniita binti yake kwa Kifaransa. "Midomo kidogo-kidogo, mingi, kule chini yake. Inafungua, inakunywa hewa, inakula, inakomaa. Sasa mizizi ikisikia udongo inakauka, inatuma habari kule juu: fungeni, maji itatoka yote! Habari yenyewe njo hii." Akakishika kichupa kwa vidole viwili. Akanifundisha kuiona midomo hiyo bila mashine kubwa: unapaka rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, chini ya jani, unangoja ikauke, unaibandua kwa utepe wa gundi, unaiweka chini ya darubini. Na kweli, pale chini nikaona alama za midomo, mamia, mingine wazi, mingine imebanwa. Nilipiga kelele kwa furaha. Alicheka akanipigia makofi, na tangu siku ile ningemfuata mtu yule hata kwenye maji.

Tulinyunyizia funga-mdomo baadhi ya maharage kwenye makopo, tukayanyima yote maji. Yaliyonyunyiziwa yalibaki mabichi wakati wenzao wamelala chini. Ila hayakukua. Majani mapya yalitoka madogo, shina likakaa palepale, kama mtoto aliyezuiwa kutoka nje. "Mumea inachagua kuishi, haichague kukomaa," alisema Chef, na mimi niliona ni maneno mazuri sana. Umri ule maneno mazuri yalinitosha.

Akina mama walipeleka malalamiko yao kwenye kampuni ya kiwanda, wakaambiwa ni ugonjwa wa mimea. Wakarudi, wakaambiwa ni wadudu. Waliporudi mara ya tatu na beseni zima la majani yaliyoungua na kulimwaga mlangoni, kampuni ikamtuma karani wake, kijana mpole wa suti, ambaye alisali kanisa moja na Mama Kapinga. Makubaliano yalifanyika uani kwetu, mbele ya chifu wa mtaa, nami nikiwa dirishani kwangu. Litapandwa tuta jipya ndani ya bustani ya Mama Kapinga, litatunzwa na mtaalamu peke yake, mtu mwingine asiliguse. Likiungua, kosa ni la moshi, na akina mama watapewa ardhi nyingine ng'ambo ya kilima, mahali moshi haufiki. Lisipoungua, basi moshi hauna hatia, na kampuni itazungushia bonde lote waya, maana ilikuwa inalihitaji. "Mutaalamu gani?" aliuliza Mama Kapinga. Karani akasema wachague wenyewe. Hawakuchukua muda. "Chef Mwansa," walisema. "Yeye ni mutoto ya hapa. Anakulaka lengalenga yetu."

Sasa nisikilizwe vizuri, maana hapa ndipo ninapokosa usingizi wangu wa uzeeni. Ardhi ile ya ng'ambo ya kilima ingepatikana kwa njia moja tu: majani yaungue. Lakini katika makanisa yote ya Likasi hakuna anayejua kumwomba Mungu amchomee mboga. Akina mama walifunga siku tatu kwa ajili ya tuta lile, na pasta alipouliza waombe nini, wakatazamana. "Hatuombake uharibifu," alisema pasta. "Tuombe ulinzi." Basi wakaomba ulinzi. Walilizunguka tuta wakiimba, mikono juu, wakamwomba Bwana asimamishe ukuta wa moto kati ya moshi na lengalenga. Chef Mwansa alikuja na koti lake la maabara, akapiga magoti pamoja nao kwenye matope. Nilimwona. Magoti ya suruali yake yalibaki na udongo mwekundu siku nzima.

Yeye alikuwa anakwenda kwenye tuta alfajiri, kabla ya jua, na pampu ya mgongoni. Akirudi alinipa niisafishe. Alisema ni mbolea ya majani, ili miche ianze vizuri, na mimi nilisafisha, kwa nini nisisafishe? Moshi ukaja, mzito kuliko kawaida, hata kuku wa jirani walikohoa. Asubuhi bonde lote lilikuwa jeupe. Matembele ya kila mtu, lengalenga za kila mtu. Na katikati yake tuta la majaribio, kijani tupu, hakuna baka hata moja. Mama Kapinga alipiga yowe lililosikika mpaka barabarani. Akina mama walishuka mbio, wengine na vitenge vya kulalia, wakaanguka kifudifudi kwenye mitaro.

Mimi nilisimama nikatazama kitu kingine. Lengalenga zile zilikuwa fupi. Mbegu ilikuwa moja na zile za tuta la jirani, siku ya kupanda ilikuwa moja, maji yaleyale ya kijito, na bado majani yake yalikuwa nusu ya majani ya wenzake. Nikachuma jani moja pale na jingine la jirani, sehemu iliyosalimika, nikaenda maabara nikiwa na kichupa changu cha rangi ya kucha. La jirani: midomo wazi. La tuta: yote imebanwa, asubuhi kweupe, udongo umejaa maji. Jani halifungi mdomo namna hiyo bila kuambiwa. Ilikuwa rahisi kuelewa, na nilichukia kwamba nimeelewa. Moshi ule huingia kwa midomo ileile jani linayovutia hewa. Midomo ikifungwa, sumu haina pa kuingilia.

Chef alinikuta bado nimeinama kwenye darubini. Hakukana. Alitoa miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Uko na macho muzuri, weye," alisema. "Minye njo nilikufundisha."

"Bamama balikuamini, Chef."

"Kampuni ikitaka ile bonde, itaikamata, na minye ao bila minye. Mimi nimetafuta tu laboratoire yetu ibakie. Banatutengenezea. Darubini mupya, courant, umeme ya kila siku. Batoto benye kuya nyuma yako batasoma." Alisema hivyo kwa sauti ileile aliyonifundishia, ya taratibu, ya baba. Kisha akavaa miwani. "Na ukienda kusema, sema vilevile nani alisafishaka pompe kila asubui. Jury ya mutihani yako iko mulangoni, ma fille. Fikiria."

Nilimpenda mtu yule kama mwanafunzi anavyompenda aliyemfungulia dunia. Tangu pale sijamchukia binadamu mwingine kwa kiasi kile, na nimekutana na wabaya zaidi yake.

Nilikwenda moja kwa moja nyumbani. Ilikuwa Jumamosi, akina mama wako uani, wamezunguka beseni, wanaimba. Nikawaambia yote, nimesimama: dawa, midomo ya jani, moshi. Nikawaonyesha vipande vyangu vya utepe, lakini utepe bila darubini ni utepe tu, hauna kitu cha kuonyesha. Mama Kapinga akakipokea kichupa changu cha rangi ya kucha, akakifungua, akanusa.

"Hii ni nini? Vernis? Mu nyumba yangu?"

"Ni ya kazi, Mama."

"Kazi gani yenye inapakaka majani vernis?" Wenzake wakacheka. Kanisani kwao msichana aliyepaka kucha hakuruhusiwa hata kufagia, na mimi nimekuja kuupinga mkono wa Mungu na kichupa cha urembo mkononi. Nikaacha kichupa, nikachukua majani mawili, nikayalaza kwenye goti lake. "Angalia, Mama. Hii ni kidogo. Haikomae."

"Ni kidogo," alisema, "lakini ni muzima."

"Mukisema haikuungua, munapoteza bonde! Balisema mbele ya chifu!"

Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Mwana wangu, sikia. Mungu alilinda lengalenga, atashindwa kulinda udongo? Miaka yote hii tunaomba, tuliona nini? Leo anajibu mara moya, macho yetu inaona, na weye unataka nimunyimie aksanti?" Akafuta mikono kwenye kitenge. "Chef alipiga magoti na shiye. Weye ulikuwa dirishani."

Jumapili alilipanda jukwaa la ushuhuda na sinia la lengalenga kichwani. Alisema vizuri, alikuwa na kipaji: moshi, usiku wa kukohoa, kelele za asubuhi, kijani katikati ya weupe. Kanisa zima lilisimama. Karani wa kampuni alikuwa benchi la tatu, naye alisimama, akapiga makofi, akasema Amen kama wengine, na nadhani aliamini. Siku iliyofuata alikuja uani na suti ileile. "Mama, kampuni inauliza kama majani iliungua," alisema, macho chini. "Na weye mwenyewe ulisema mu kanisa, mbele ya bantu yote. Minye nilikuwa pale." Chef alikwishatia sahihi yake kwenye ripoti, lakini hawakuihitaji hata. Kabla mvua hazijaisha bonde lilikuwa limezungushiwa waya.

Ardhi ya ng'ambo ya kilima sikuisikia ikitajwa tena. Mama Kapinga akaanza kuuza samaki wa barafu kando ya barabara, mikono yake ikapasuka kwa maji ya chumvi. Siku ya kwanza aliponunua lengalenga za mtu mwingine, nilimwona amesimama mbele ya muuzaji, akaligeuza jani, akalitazama chini. Jioni ile tulizila na bukari. Sikumkumbusha, naye hakunikumbusha, na tangu hapo tulizungumzia chumvi, maji na bei ya makaa. Kazi yangu ya kuhitimu Chef aliirudisha na kusema haijakamilika. Haikukamilika kamwe. Niliondoka Likasi na mkoba mmoja, nikawa mwalimu wa biolojia Lubumbashi, na ndicho nilicho mpaka leo. Kila mwaka nikifika kwenye somo la majani, ninaingia darasani na kichupa cha rangi ya kucha, wanafunzi wanafurahi, wananiita Mama Vernis. Ninacheka nao. Wao hawana kosa.

Basi huko kwenye kilio, Ntumba, binti wa Mama Kapinga, aliyekuwa mtoto mdogo mwaka ule, alinishika mkono akaniingiza jikoni. Aliniwekea bukari na lengalenga, akakaa juu ya debe mbele yangu kuhakikisha ninakula. Nje mhubiri alikuwa anafika tena kwenye ukuta wa moto. "Yaya," alisema Ntumba, akiniita dada mkubwa, "Mama alijua."

Tonge likabaki mkononi.

"Ni wiki kidogo tu nyuma ya kuzungusha ile waya. Tuta ilibakia mule ndani, hakuna mwenye kuivuna, na Chef hakufikaka tena. Mama alienda kuchungulia. Alikuta yote imeungua, sawa ya bantu bote. Alisimama pa ile waya mupaka jua ikapanda. Nilikuwa naye."

"Juu ya nini hakusema? Chifu alikuwepo, pasta alikuwepo…"

"Nilimuuliza. Alinijibu: nilimupa Mungu aksanti mbele ya bantu, nitamunyanganya namna gani?" Ntumba alikwangua masizi kwenye sufuria kwa ukucha. "Tena akaniambia: Odette asijue kama ninajua. Ataanza kunionea huruma."

Nikaila ile mboga yote, kwa sababu sikujua jambo lingine la kufanya. Miaka yote nilidhani nimemhurumia mwanamke aliyedanganywa. Kumbe alikuwa ameshika ukweli ule peke yake, kila Jumapili, akiwa amekaa mahali walipomwita mama wa muujiza, na mimi ambaye ningeweza kuubeba pamoja naye nilikuwa Lubumbashi nikipaka majani rangi ya kucha. "Unataka kusema, sema," aliniambia Ntumba. "Mama hayuko tena ya kupata haya."

Wakaniita. "Tuko na mwalimu hapa, mwana ya Mama, alikalaka naye mwaka ile ya muujiza! Atupatie ushuhuda!" Nikapita katikati ya viti, nikapokea kipaza sauti. Chef Mwansa alinyanyua uso, akanitambua, na mkono wake ukaifinya kofia. Nilikuwa nimeyapanga maneno haya kwa maisha yangu yote, na yalipofika mdomoni yalikuwa machache. Nikasema Mama Kapinga alilima lengalenga nzuri kuliko mtu yeyote wa bonde lile. Nikasema tuta lile lilitiwa dawa, na aliyelitia dawa amekaa hapa. Nikasema dawa ilipokwisha liliungua kama mengine yote, na Mama aliliona kwa macho yake, akanyamaza, kwa heshima ya Mungu wake.

Nikashusha kipaza sauti. Mtoto alikohoa. Kisha mwenye kuongoza kilio, kwa kuwa nimelitaja jina la Mungu na nimenyamaza, akainua mkono, akapaza sauti: "Mungu asifiwe!"

"Amen!" wakajibu wote, na sauti ya Chef Mwansa niliisikia kati yao.